Nyumba ya likizo yenye kidimbwi: nani atawachunga watoto?

BILA shaka umeziona picha hizo, msomaji. Nyumba nyeupe pepepe imekaa juu ya mwamba, bahari ya samawati iko mbele yake, na kidimbwi cha kuogelea kimejaa maji hadi ukingoni. Baba amejilaza kitini, mama amevaa miwani ya jua, watoto wanarushiana maji. Chini ya picha pameandikwa kwamba hapo ni Ugiriki, kisiwa cha Santorini au Corfu, na kwamba nyumba nzima yakodishwa kwa juma moja.

Kwa mkazi wa Theta, awe upande wa Ruiru au wa Thika, safari kama hiyo hesabu yake ni nzito. Ugiriki ni mojawapo ya nchi za Schengen, na tangu Juni 2024 ada ya kuomba visa ya nchi hizo ni Euro 90 kwa mtu mzima na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ukinyimwa visa, pesa hizo hazirudi. Na hapo bado hujagusa tiketi ya ndege.

Hata hivyo, usife moyo. Raha hiyo ya nyumba nzima, jikoni yenu wenyewe, na kidimbwi ambacho hakina mtu mwingine ila nyinyi, ipo hapa nchini. Diani, Kilifi, Watamu, Malindi na Shela kisiwani Lamu kuna nyumba nyingi za likizo za aina hiyo. Hata ule weupe unaokuvutia si mgeni kwetu. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa, na mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001.

Familia kadhaa zikishikana, nyumba kama hiyo hulipika. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Jambo linalotutia wasiwasi leo si pesa pekee. Familia nyingi hupanga usafiri, chakula, vyumba na hata nguo za kupigia picha, kisha zikasahau kupanga jambo moja tu: nani atakuwa akiwatazama watoto wakiwa majini.

Tulilelewa tukikatazwa maji

Mtoto wa Theta hukua akiambiwa kwamba maji ni hatari. Haruhusiwi kwenda mtoni bila mtu mzima. Akisikika karibu na bwawa la shamba la kahawa, hucharazwa. Na akionekana kando ya timbo lililoachwa likajaa maji ya mvua, siku hiyo halali kwa amani.

Wazazi wana sababu. Timbo la mawe halina mteremko wa polepole kama ufuo. Hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili hakuna chini. Kuta zake ni wima, na aliyetumbukia hana pa kushika. Makatazo hayo yameokoa roho nyingi, wala hatusemi yaondolewe.

Lakini makatazo hayo yana upande wa pili. Yametuletea kizazi baada ya kizazi cha watu wazima wasiojua kuogelea. Kisha siku moja familia inakodisha nyumba ambayo maji yake yako hatua kumi kutoka chumba cha watoto. Yule mtoto aliyeambiwa miaka yote asikaribie maji sasa anaambiwa, "Ingia, jifurahishe!" Na mzazi aliyemwambia hivyo hawezi kumfuata ndani akizidiwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, yaani nchi kama zetu.

Wengi hudhani mtu anayezama hupiga mayowe na kupungia mikono. Mambo sivyo, hasa kwa mtoto. Mdomo ukiwa majini, sauti haitoki. Mikono husukuma maji chini badala ya kupunga. Mtoto huzama kimya, na kwa muda mfupi kuliko ule unaochukua kujibu simu. Wala hahitaji kina kirefu. Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maji yanayomfikia baba kiunoni ni bahari kwa mtoto wa miaka mitatu.

Ichague nyumba kwa macho ya mzazi

Basi unapotafuta nyumba, usiiangalie kwa macho ya mpiga picha. Iangalie kwa macho ya mama mwenye mtoto anayetambaa.

Swali la kwanza: je, kidimbwi kina ua? Ua ufaao huzunguka pande zote nne, una lango linalojifunga lenyewe, na kitasa chake kiko juu asikokifikia mtoto. Nyumba nyingi hazina ua kwa sababu wenyewe husema unaharibu mandhari. Katika baadhi ya nyumba za mtindo wa Lamu, kidimbwi kidogo huwa katikati ya kiwanda, yaani ule ua wa ndani, na milango ya vyumba hufungukia papo hapo. Ni pazuri ajabu, na kwa watu wazima watupu hapana kasoro. Kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili, afadhali utafute kwingine au uhakikishe kwamba kila mlango wa kutokea hapo una komeo la juu.

Swali la pili: kina chake ni kipi, na je, kinashuka polepole au ghafla? Maji usiyoyafika hujui kina chake. Taka jibu la mita, si la "si kirefu sana".

Swali la tatu: maji husafishwa mara ngapi na nani? Kipimo chepesi ni hiki. Simama ukingoni utazame chini. Ukiona vizuri vigae na tundu la kutolea maji pale penye kina kirefu kabisa, ni dalili njema. Maji yakiwa na ukungu au rangi ya majani, asiingie mtu. Mbali na maradhi, aliyezama katika maji kama hayo haonekani. Hakikisha pia kwamba tundu hilo lina kifuniko kizima, maana mvuto wake waweza kunasa nywele au kiungo cha mtoto.

Swali la nne: nini kiko ndani ya bei na nini kiko nje? Katika nyumba nyingi za pwani stima ya kuendeshea viyoyozi hulipiwa kando, kwa tokeni, na hilo hujulikana baada ya mkoba kufunguliwa. Uliza kuhusu mpishi, msafishaji, bawabu, maji ya kunywa na jenereta. Uliza pia kama vitanda vyote vina chandarua. Pwani kuna malaria, na watoto waliokulia huku kwetu kwenye baridi hawana kinga ya ugonjwa huo. Mtoto akipata homa majuma machache baada ya kurudi, mwambie daktari mara moja kwamba mlikuwa pwani.

Kabla ya kutuma pesa

Walaghai nao huchukua likizo, lakini kwa jasho lako. Mbinu yao ni rahisi. Huiba picha za nyumba halisi, hutangaza bei ya kuvutia, kisha hukuhimiza utume arbuni upesi kabla "mteja mwingine" hajaichukua. Mnapofika langoni na mizigo yenu, bawabu hajui habari zenu.

Njia ya kujikinga ipo. Mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba hiyo, akuonyeshe lango, jikoni, vyumba na kidimbwi, wakati unaouchagua wewe. Uliza jina la biashara na leseni yake. Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011 iliunda mamlaka ya kusimamia biashara za utalii, na nyumba za likizo za kukodisha ni miongoni mwa zinazotakiwa kuwa na leseni. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa nambari ya biashara yenye jina linalolingana na lile ulilopewa, si kwa nambari ya mtu binafsi asiyejulikana.

Aidha, takeni mapatano ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje tarehe, idadi ya watu, jumla ya pesa, arbuni, na kitakachotokea mkiahirisha. Asiyetaka kuandika hana nia ya kutimiza.

Hesabu ya ndugu watatu

Hebu sasa tufanye hesabu. Bei hubadilika kwa mahali na kwa msimu, kwa hivyo tarakimu nyingi hapa ni za mfano tu, utaweka zako mwenyewe.

Tuseme ni ndugu watatu walio na wake zao, watoto saba na nyanya yao. Hao ni watu 14. Wanapata nyumba ya vyumba vitano kwa Sh35,000 kwa usiku. Usiku tano ni Sh175,000. Chakula, kwa Sh700 kila mtu kwa siku tano, ni Sh49,000.

Nauli ya gari-moshi la Madaraka Express, lililoanza safari zake mwaka wa 2017, ni Sh1,500 kwa daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa, kwa bei iliyoanza Januari 2024. Kwenda na kurudi kwa watu 14 ni Sh42,000, tukihesabu kila mtoto kama mtu mzima. Matatu ya kukodi kutoka kituo cha Miritini hadi Diani na kurudi, tuseme Sh24,000. Mpishi na bahashishi za wafanyakazi, Sh15,000. Akiba ya dharura, Sh19,000.

Jumla ni Sh324,000. Igawe kwa familia tatu, kila moja itoe Sh108,000. Ukizigawa tena kwa miezi 12, kila familia inaweka Sh9,000 kwa mwezi. Kwa wengine pesa hizi bado ni nyingi, na hakuna aibu kupunguza siku ziwe tatu au kualika familia ya nne. Jambo la msingi ni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na watu wa Kiambu hawahitaji kufundishwa maana ya chama. Fungueni chama cha likizo, mchague mweka hazina asiyeogopa kudai, na atoe hesabu kila mwezi.

Kugawana kwa familia, hata hivyo, kwaweza kuzua manung'uniko. Mwenye mtoto mmoja atauliza kwa nini analipa sawa na mwenye wanne. Njia ya haki ni kulipa kodi kwa idadi ya vyumba na chakula kwa idadi ya vinywa. Chumba cha nyanya kilipiwe na wote. Na kiwe cha chini, karibu na choo, hata kama kile cha juu ndicho chenye mandhari ya bahari. Yaamueni haya mkiwa nyumbani, si mkiwa mmesimama ukumbini na mizigo mkononi.

Msimu una maana yake

Wengi wetu husafiri Desemba, wakati ambapo bei ziko juu kabisa na nyumba nzuri zilikwishachukuliwa miezi mingi kabla. Likizo ya Aprili ni ya bei nafuu, lakini huangukia msimu wa masika. Agosti hakuna joto kali, ila upepo wa kusi huchafua bahari na kuleta mwani ufuoni. Kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, huleta bahari tulivu na joto jingi.

Vilevile, ujue kwamba bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa pwani ya Kenya huweza kupita mita tatu. Ndiyo maana waweza kufika Diani ukakuta bahari imekimbia mbali, pamebaki mwani na mawe. Saa hizo watoto hurudi kwenye kidimbwi, na watu wazima, wakiwa wamechoka na jua na wameshiba wali wa nazi, husinzia. Hiyo ndiyo saa ya hatari.

Isitoshe, msiishi ndani ya kidimbwi tu. Aliye Watamu ana hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, na karibu yake magofu ya Gede yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2024. Aliye Diani ana msitu wa Kaya Kinondo na mbega weusi kwa weupe juu ya miti. Na aendaye Diani kwa gari lake, tangu 2024 aweza kupita barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Zamu ya kidimbwi

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo lenyewe.

Katika nyumba yenye watu wazima saba, kila mmoja hudhani kuna mwingine anayetazama. Mama yuko jikoni akidhani baba yuko ukingoni. Baba yuko ukingoni, ndiyo, lakini macho yake yako kwenye simu, na anadhani shemeji ndiye anayetazama. Shemeji ameingia ndani kutafuta taulo. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa yake ni zamu. Kila wakati ambapo kuna mtoto majini au karibu na maji, awepo mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina kwamba ndiye wa zamu. Zamu iwe fupi, dakika 20 hivi, maana jicho huchoka. Wa zamu avae kofia au ashike leso maalumu ili kila mtu amtambue, na asiondoke hadi amkabidhi mwingine kofia hiyo mkononi na mwingine huyo akubali kwa kinywa. Kofia iliyoachwa kitini haichungi mtu.

Wa zamu hana simu, hana gazeti, hana bia. Hapigi gumzo na jirani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mtu mzima sharti awe ndani ya maji, umbali wa kumfikia kwa mkono. Maboya ya mikononi na yale ya bata ni vitu vya kuchezea, wala si vya kuokoa maisha. Huteleza, hupasuka, na humfanya mtoto aamini kwamba anajua kuogelea.

Muda wa kuogelea ukiisha, toeni vitu vyote vya kuchezea majini. Mpira unaoelea ni mwito kwa mtoto aliyeamka mapema kabla ya wengine. Usiku fungeni milango yote ya kwendea kidimbwini. Na mtoto akikosekana, mahali pa kwanza pa kutazama ni kidimbwini, kabla ya chumbani, kabla ya langoni.

Yaya si mwokoaji

Kuna jambo ambalo familia nyingi huona haya kulizungumzia. Twaenda likizo na msichana wa kazi, kisha kwa kimya kimya tunamwachia watoto wote kidimbwini, wetu na wa binamu zetu, huku sisi tukienda matembezi. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kuogelea. Mara nyingi hajui. Alilelewa akikatazwa maji kama tulivyokatazwa sisi.

Ukimwachia yaya asiyejua kuogelea watoto saba majini, umeyaweka hatarini maisha ya watoto, na hata yake pia, kwa maana likitokea la kutokea ataruka ndani. Mtu akiokoka na mtoto asiokoke, atabeba lawama hiyo maishani, ilhali jukumu lilikuwa lako. Hali kadhalika mpishi, bawabu na mtunza kidimbwi. Hao wana kazi zao. Isipokuwa pale ulipoajiri mwokoaji aliyehitimu kwa kazi hiyo mahsusi, mchungaji wa mwanao ni wewe.

Tukiwa hapo kwa wafanyakazi, kumbuka kwamba umeingia nyumba ya watu na nchi ya watu. Mpe mpishi pesa za soko mapema, mkubaliane bei na stakabadhi, na mwachie chakula cha kula. Utamu wa samaki wa kupaka na mahamri kwa mbaazi hautoki kwa mpishi aliyenuniwa. Nguo za kuogelea zibaki kidimbwini na ufuoni. Ukienda mjini au kijijini, jifunge leso, uvae shati. Watu wa pwani ni wakarimu, nao hupenda kuheshimiwa.

Likitokea

Soma sehemu hii mara mbili, kisha uwasomee wenzako kabla ya kusafiri.

Ukimwona mtu anazama nawe hujui kuogelea, usiruke. Piga mayowe, lala kifudifudi ukingoni umnyoshee mti mrefu, taulo au leso, au umrushie kitu kinachoelea.

Akishatolewa, mwite na umtazame kifua. Kama haitiki wala hapumui sawasawa, mlaze chali mahali pagumu. Mwinue kidevu ili njia ya hewa ifunguke, mzibe pua, na umpulizie pumzi tano mdomoni, kila moja hadi kifua kiinuke. Kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke takriban theluthi moja ya unene wake. Mpulizie tena pumzi mbili, na uendelee hivyo, 30 kwa mbili, bila kuacha, hadi apumue au msaada ufike.

Usimning'inize miguu juu kichwa chini. Usimkandamize tumbo ukidhani unatoa maji. Mambo hayo hufanywa sana, nayo hupoteza dakika ambazo mtoto hana. Anachokosa ni hewa.

Wakati huohuo mwenzako apige simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Siku mnayofika, ulizeni hospitali ya karibu ni ipi na barabara ya kwenda huko ni gani, mwandike jina la nyumba na la mtaa kwenye karatasi mlangoni. Mgeni aliyepagawa hawezi kumwelekeza dereva wa ambulansi. Na hata mtoto akizinduka akaonekana mzima, mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru baadaye.

Anzeni huku nyumbani

Kuna hoteli na vilabu mjini Thika na Ruiru ambavyo hufungua vidimbwi vyao kwa umma kwa ada, na baadhi yavyo vina walimu. Miezi miwili au mitatu kabla ya safari, wapelekeni watoto Jumamosi wajifunze. Hawatakuwa mabingwa. Lakini watajua kuelea chali, kushika ukingo na kutoka majini wenyewe, na hayo matatu ni mengi.

Na wewe mzazi, ingia pamoja nao. Usione haya. Hakuna sheria inayosema mtu wa miaka 40 amepitwa na wakati wa kujifunza. Ukiweza kuogelea urefu wa kidimbwi kimoja, utakuwa umewapa watoto wako kitu ambacho mzazi wako hakuweza kukupa, naye alikupa alichokuwa nacho: katazo.

Ratiba ya zamu iandikwe pamoja na orodha ya mizigo. Jina la kila mtu mzima, na la nyanya liwemo ikiwa macho yake bado ni mazuri, ili kando yake akae kijana anayejua kuogelea. Iwekeni kwenye karatasi, ibandikeni kwenye mlango wa jokofu mara tu mtakapofika, kabla ya mtoto yeyote kuvua viatu.

Mkifanya hivyo, basi nendeni kwa amani. Kuleni, laleni, cheka na ndugu zako ambao mwaka mzima mmekutana matangani tu. Watoto watarudi shuleni weusi kwa jua, wakiwahadithia wenzao habari za nyumba yenye kidimbwi. Muhimu ni kwamba idadi iliyopanda gari-moshi Syokimau iwe ndiyo idadi itakayoshuka Syokimau siku ya kurudi.